Kufundisha Upangaji wa Karakana Ndogo ya Magari ya Nyumbani: Mfano wa Mazimbu, Morogoro

UTANGULIZI

Katika mafunzo ya ufundi wa magari, mwanafunzi hufundishwa kwa makini namna ya kufungua injini, kurekebisha breki na kutafuta hitilafu ya umeme. Ni mara chache sana anapofundishwa namna ya kupanga mahali pa kufanyia kazi hizo. Anapoingia chuoni huikuta karakana imekwisha kujengwa, meza zimekwisha kupangwa na vifaa vimekwisha kutundikwa ukutani. Naye hudhani kwamba ndivyo karakana zilivyo tangu kuumbwa. Siku anapohitimu, karakana hiyo haiendi naye. Anarudi nyumbani akiwa na uwanja, kivuli cha mwembe, jeki moja, sanduku la spana, na gari la jirani linalongoja matengenezo.

Hapo ndipo zinapozaliwa gereji bubu zilizoenea mijini mwetu. Hatusemi kwamba mafundi wa gereji hizo hawajui kazi. Wengi wao wana ujuzi ambao vyuo vyetu vingefurahi kuwa nao. Tusemalo ni kwamba wengi wanafanya kazi mahali ambapo hapakupangwa, na kwa sababu hiyo hupoteza muda, hupoteza mali, na wengine hupoteza maisha chini ya gari lililoanguka kutoka juu ya mawe.

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mwalimu anavyoweza kufundisha upangaji wa karakana ndogo ya nyumbani kwa masomo sita. Hoja yetu kuu ni moja: karakana hupangwa kuanzia kazi na mwendo wa fundi, wala haipangwi kuanzia orodha ya vifaa. Mwanafunzi akilielewa hilo ataweza kupanga karakana njema hata akiwa na fedha kidogo. Asipolielewa, fedha nyingi hazitamsaidia.

UMUHIMU WA SOMO HILI

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu wa Tanzania wametakiwa kuunganisha darasa na maisha ya mwanafunzi baada ya shule. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, yenye mkondo wa amali katika shule za sekondari, imelirudisha jambo hilo mbele yetu kwa nguvu mpya. Kijana atakayejifunza ufundi wa magari katika mkondo huo huenda asiajiriwe na mtu yeyote. Yampasa basi aondoke shuleni akijua kutumia karakana, na akijua pia kuianzisha.

KWA NINI MAZIMBU

Tumechagua Mazimbu, katika Manispaa ya Morogoro, kuwa mahali pa mfano wetu kwa sababu tatu.

Kwanza, historia ya mahali hapo yenyewe ni somo la upangaji. Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya shamba la zamani la katani mwaka 1977, na mwaka uliofuata shule ikaanza. Baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wajenzi wa kwanza walianza na majengo machache yaliyosalia ya shamba hilo, wakayakarabati na kuyatumia, huku mengine yakijengwa awamu kwa awamu. Kabla ya eneo kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, palikuwa pamekwisha kuwa na shule, hospitali, mashamba, na karakana za useremala na ushonaji. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi aoneshwe jambo hilo: aliye na mpango huanza na kidogo alichonacho, kisha huongeza kila kitu mahali kilipokwisha kutengewa.

Pili, mazingira yake yana mashauri yasiyoweza kupuuzwa. Mazimbu iko upande wa kaskazini wa Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua za vuli na za masika hushusha maji mengi kutoka milimani. Mto Ngerengere hupokea maji hayo, hupita Morogoro na hatimaye huingia Mto Ruvu, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam. Oili inayomwagwa uani Mazimbu ina njia ya kufika mbali.

Tatu, Morogoro imepata funzo chungu kuhusu petroli. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto uliolipuka ukaua watu zaidi ya 100. Mwalimu anayefundisha katika mkoa huu akumbuke kwamba huenda darasani mwake yumo aliyefiwa siku ile. Jambo hilo litajwe kwa heshima na kwa ufupi, wala lisifanywe hadithi ya kusisimua.

SOMO LA KWANZA: KUORODHESHA KAZI

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kutaja kazi zitakazofanyika katika karakana ya nyumbani, na zile zisizofaa kufanyika humo.

Mwalimu akiuliza, "Karakana yahitaji nini?" wanafunzi watajibu mara moja: jeki, spana, kompresa, mashine ya kuchomelea. Asiandike majibu hayo ubaoni. Aulize swali jingine: "Kwa mwezi mmoja, fundi wa mtaani hufanya kazi gani, na mara ngapi?" Wanafunzi wapewe wiki nzima ya kwenda kuwauliza mafundi wa karibu na kuleta orodha. Kwa kawaida orodha itakuwa na kubadili oili na chujio, kubadili viatu na pedi za breki, kurekebisha klachi, kubadili plagi, kusafisha rejeta, kutengeneza pancha, kuchaji betri, na mara chache kushusha injini au gia boksi.

Orodha hiyo igawanywe katika mafungu matatu:

(a) Kazi za kila siku, ambazo lazima ziwe na mahali pa kudumu.
(b) Kazi za mara chache, ambazo mahali pake paweza kuazimwa kwa kusogeza vitu.
(c) Kazi zisizofaa kufanyiwa nyumbani, kama kupaka gari rangi kwa kupuliza, kuchonga shafti ya injini na kupanga magurudumu kwa mashine. Hizi zipelekwe kwa wenye mitambo na nafasi.

Fungu la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa humwokoa kijana na tamaa ya kununua mashine itakayokaa bila kazi. Kazi zikiisha kugawanywa, mbele ya kila moja iandikwe hatari yake, kisha nafasi inayohitaji, na mwisho kabisa vifaa vyake.

SOMO LA PILI: KUPIMA GARI NA MWILI WA FUNDI

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kukadiria ukubwa wa karakana kwa vipimo alivyovichukua mwenyewe.

Vifaa: futi ya kuvuta, kamba, chaki, na gari lolote linaloweza kupatikana.

Wanafunzi wapime urefu na upana wa gari, kisha wafungue milango na kupima tena. Baada ya hapo mmoja wao achuchumae kando ya gurudumu kana kwamba anafungua nati, na wenzake wapime nafasi anayoichukua mpaka kisigino chake. Wengi watashangaa kuona kwamba mtu anayefanya kazi huhitaji nafasi kubwa kuliko mtu anayepita. Mita moja ndiyo kadiri ya chini.

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani ya inchi 109, gari linalojulikana sana mashambani mwetu. Urefu wake ni kama mita 4.4 na upana wake mita 1.7. Hesabu ya upana itakuwa hivi: nafasi ya kufanyia kazi upande wa kushoto mita 1.0, gari mita 1.7, njia ya upande wa kulia mita 1.2, meza ya kazi mita 0.6. Jumla ni mita 4.5. Hesabu ya urefu: nyuma ya gari mita 1.0, gari mita 4.4, mbele ya gari, mahali pa kusimama mtu na kupitisha winchi ya injini, mita 1.6. Jumla ni mita 7.0. Karakana ya mita 7.0 kwa 4.5 inatosha gari hilo, na itatosha magari mengi madogo ya Toyota yaliyojaa barabarani leo.

Kadhalika wapime urefu wa meza. Kila mwanafunzi akunje mkono wake na kupima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Taya za jiriwa zinapaswa kufikia usawa huo, ili anayepiga tupa asiiname wala asiinue mabega. Kwa watu wazima wengi, hilo huleta meza ya sentimita 85 hadi 90.

SOMO LA TATU: RAMANI YA KARATASI

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kuchora ramani kwa skeli na kuilinganisha na nyingine.

Kwa skeli ya 1 kwa 20, karakana yetu itakuwa na sentimita 35 kwa 22.5, ukubwa unaoenea vizuri kwenye karatasi ya manila. Gari likatwe katika kadibodi, sentimita 22 kwa 8.5. Meza, kabati, pipa la oili chakavu, mtungi wa kuzimia moto na hata fundi mwenyewe vikatwe vivyo hivyo. Hakuna kitu kinachogundishwa; kila kipande kiwe huru kusogezwa.

Kila kikundi cha wanafunzi wanne kitoe ramani mbili zinazotofautiana, kisha kieleze kwa sababu ni ipi iliyo bora. Mwalimu asiseme ramani ipi ni sahihi. Aulize maswali: Mlango wa gari unafunguka? Moto ukizuka kwenye injini, fundi atatokea wapi? Jua la asubuhi linaingia wapi? Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, likampiga fundi machoni. Kwa hiyo nafasi kubwa za mwanga zielekee kaskazini na kusini kila kiwanja kinaporuhusu.

Ramani ya karakana isitenganishwe na ramani ya kiwanja. Wanafunzi waoneshe nyumba ya kulala, jiko, kisima au bomba, na nyumba ya jirani. Jiko la mkaa au la kuni liwe mbali na karakana. Kelele na moshi visielekezwe kwenye dirisha la jirani. Aidha wakumbushwe kwamba kiwanja cha makazi kina masharti yake, na kwamba kibali hutafutwa Manispaa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

SOMO LA NNE: RAMANI YA CHOKAA

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kuijaribu ramani yake kwa kufanya kazi ndani yake.

Somo hili ndilo kiini cha mpango wetu wote, nalo lapasa kupewa vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Linahitaji uwanja, chokaa au majivu, na kamba.

Wanafunzi waichore ramani iliyochaguliwa uwanjani kwa ukubwa wake halisi. Kama chuo kina gari, liingizwe ndani ya mistari. Kama hakina, gari lifanywe kwa kamba na mambo manne, na milango yake iwe vipande vya kadibodi. Meza za darasani zitumike mahali pa meza ya kazi na kabati. Kisha mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuigiza, kwa mfano kubadili viatu vya breki vya gurudumu la nyuma, hatua kwa hatua: kuweka kabari, kulegeza nati, kuinua, kuweka stendi, kutoa gurudumu, kwenda kwenye meza, kurudi, kufuata kifaa alichokisahau. Mwenzake ahesabu hatua za miguu. Wa tatu aandike kila mara fundi anapokanyaga mstari wa ukuta, anapogonga meza au anaporuka kitu kilichowekwa njiani.

Baada ya jaribio la kwanza, kikundi kisogeze vitu kadiri kionavyo vyema, na kazi ile ile irudiwe. Hesabu mbili zilinganishwe ubaoni. Hakuna maelezo ya mwalimu yatakayomshawishi mwanafunzi kuliko namba alizozihesabu yeye mwenyewe. Zaidi ya hayo, kosa la mstari wa chokaa husahihishwa kwa ufagio, ilhali kosa la ukuta wa tofali husahihishwa kwa nyundo na fedha.

SOMO LA TANO: MAMBO YANAYOHUSU UHAI

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza sababu za kisayansi za kanuni nne za usalama, na kuziingiza katika ramani yake.

1. Gari lililoinuliwa

Kanuni ni hii: jeki huinua, stendi hushikilia. Mwalimu achukue mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, ayajaze maji na kuyaunganisha kwa mrija. Juu ya moja aweke jiwe dogo, kisha asukume jingine, jiwe litapanda. Sasa auchomoe mrija. Jiwe litashuka papo hapo. Aulize:

Mwalimu: Ni nini kilichokuwa kimelishikilia jiwe?
Wanafunzi: Maji.
Mwalimu: Maji yalipotoka, jiwe lilitupa nafasi ya kuondoa mkono?
Wanafunzi: Halikutupa.

Jeki ya mafuta hufanya kazi kwa njia iyo hiyo, na mpira mmoja uliochakaa ndani yake unatosha kuliangusha gari. Mawe huteleza, matofali hupasuka ghafula bila kutoa ishara. Kwa hiyo stendi mbili za chuma zenye uwezo wa tani 2 au zaidi, na kabari za magurudumu, ni vitu vya kwanza kununuliwa, hata kabla ya seti ya pili ya spana. Na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chesisi, ili liwe kinga ya mwisho.

Kutokana na kanuni hii twapata shauri la sakafu. Stendi haisimami salama juu ya udongo uliolowa. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 kwa eneo letu la mita 7.0 kwa 4.5 ni mita za ujazo 3.15. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, hiyo ni takriban mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.4 na kokoto mita za ujazo 2.8. Hesabu hiyo ifanywe na wanafunzi wenyewe. Sakafu iteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni, na imwagiliwe maji kwa muda wa siku saba.

Injini nayo isining'inizwe kwenye kenchi za paa. Kenchi hizo zimejengwa kubeba bati na upepo; injini ya gari dogo yaweza kufikia kilo 150 na zaidi. Winchi ya mnyororo iwe na miguu yake mitatu ya bomba la chuma, au boriti yake yenye nguzo.

2. Shimo

Wanafunzi wengi watataka kuchimba shimo la kusimama chini ya gari. Kwa karakana ya nyumbani Mazimbu sisi hatulipendekezi. Wakati wa masika shimo hujaa maji. Mtoto au mgeni huweza kutumbukia. Lililo baya kuliko yote, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa sakafuni, huingia shimoni na kukaa humo ukingoja cheche.

Hilo laweza kuoneshwa bila kuleta petroli darasani, na petroli isiletwe kamwe. Magadi na siki vichanganywe ndani ya jagi. Hewa itakayotoka ni nzito. Jagi liinamishwe polepole juu ya mshumaa unaowaka ndani ya bakuli, bila kumwaga siki. Mshumaa utazimika. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba hewa nzito humiminika kama maji.

3. Hewa

Gesi ya betri inayochajiwa ina haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko hewa mara 14, nayo hupanda juu. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huchanganyika na hewa yote. Basi adui mmoja hukaa chini, wa pili hukaa juu, wa tatu hujaa kila mahali. Karakana yenye kuta nne na dirisha dogo huwahifadhi wote watatu. Kwa hali ya hewa ya Mazimbu, jawabu bora ndilo lililo rahisi: banda lenye sakafu na paa, lililo wazi pande mbili, na chumba kidogo tu chenye kufuli kwa ajili ya vifaa. Injini isiwashwe penye milango iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Soketi za umeme ziwekwe juu, zaidi ya mita moja kutoka sakafuni, mbali na mvuke wa petroli. Waya wa ardhi usikosekane, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme aliyesajiliwa. Taa ya kuingia nayo chini ya gari iwe ya volti 12, isiwe ya volti 230. Vumbi la breki za magari ya zamani lisipulizwe kwa upepo, kwani huenda lina asbesto. Lilowanishwe na kufutwa.

4. Mafuta

Petroli isiwekwe ndani ya chupa za maji ya kunywa, wala isitumiwe kuoshea vipuri. Mtungi wa poda wa kuzimia moto utundikwe karibu na mlango, si mwisho wa chumba, ili aufuataye awe anaelekea nje. Ndoo ya mchanga iwe kando yake.

Oili chakavu ikusanywe ndani ya dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoipokea. Ina masizi na chembe za metali zenye sumu. Isimwagwe mferejini wala isinyunyizwe njiani kuzuia vumbi. Hapa mwalimu atundike ramani ya mkoa, na wanafunzi wafuate kwa kidole njia ya maji kutoka Mazimbu mpaka Ngerengere, kutoka Ngerengere mpaka Ruvu, na kutoka Ruvu mpaka kwenye bomba la mwenyeji wa Dar es Salaam.

SOMO LA SITA: VIFAA KWA AWAMU

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kupanga ununuzi wa vifaa kufuatana na kazi na mapato.

Sasa tu, baada ya masomo matano, ndipo orodha ya vifaa inapoandikwa.

Awamu ya kwanza: stendi mbili, kabari, jeki, mtungi wa kuzimia moto, spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19 ambazo hutosha sehemu kubwa ya kazi za magari ya Kijapani, seti ya spana boksi, bisibisi, koleo, nyundo, beseni la kukingia oili. Anayetazamia kutengeneza Land Rover za zamani aongeze spana za inchi, kwa maana spana ya milimita inayokaribiana na nati ya inchi huiharibu pembe zake.

Awamu ya pili: meza imara na jiriwa, tupa, msumeno wa chuma, mita ya umeme, na spana ya torki. Wengi hukiona kifaa hiki cha mwisho kuwa anasa. Lakini nati za magurudumu ya gari dogo zinahitaji kukazwa kwa takriban Nyutoni-mita 100. Mkono wa mtu mwenye nguvu huzidisha, na wa aliyechoka hupunguza.

Awamu ya tatu, ambayo fedha zake zitoke katika kazi yenyewe: drili, kompresa, winchi, na mwisho mashine ya kuchomelea, iliyotengewa mahali mbali na mafuta.

Kila kifaa kichorewe umbo lake kwenye ubao wa ukutani, mahali kinapotundikwa. Jioni fundi akiona umbo tupu atajua kwa mtazamo mmoja kwamba spana imesahauliwa, pengine ndani ya injini ya mteja.

TATHMINI

Hatupendekezi mtihani wa kutaja majina ya vifaa. Kila mwanafunzi apewe kiwanja halisi, kikiwezekana cha nyumbani kwao, na atoe vitu vitatu: ramani ya skeli, orodha ya kazi pamoja na hatari zake, na mpango wa awamu tatu wenye bei alizoziuliza dukani mwenyewe. Kisha aitetee ramani yake mbele ya fundi mzoefu aliyealikwa kutoka mtaani. Fundi huyo atauliza maswali ambayo sisi walimu hatuyafikirii, na heshima atakayopewa itawafundisha wanafunzi kwamba ujuzi haukai chuoni pekee.

Alama zigawanywe hivi: usalama 40, mpango wa nafasi 30, awamu na gharama 20, usafi wa mchoro 10. Ramani nzuri kwa macho inayomweka fundi chini ya gari bila stendi isipate alama ya kufaulu, hata kama mistari yake imenyooka.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonesha kwamba upangaji wa karakana hufundishika kwa chaki, kamba, kadibodi na chokaa, vitu ambavyo kila chuo kinavyo. Mwalimu asingoje kupewa karakana ya kisasa ndipo aanze. Wanafunzi wetu wengi watafanya kazi zao za kwanza katika ua wa nyumbani, na ua huo ndio unaostahili kuchorwa darasani. Yule atakayetoka kwetu akiwa na spana chache, stendi mbili na ramani aliyokwisha kuijaribu kwa miguu yake, tayari ana karakana. Kuta atazijenga kadiri riziki itakavyomfikia.